Jina Chini ya Kiraka

Mimi ni mtu wa kupanga. Kabati la leso la bibi yangu nimelipanga kwa rangi, na ndani ya kila rangi kwa ukubwa wa maua, na bibi hajanisamehe mpaka leo kwa sababu hapati anachokitafuta. Kwa hivyo msishangae nikisema kwamba kazi niipendayo kuliko zote ni kuingia katika msimbo wa kompyuta ulioandikwa na mtu mwingine, nikakereka, kisha nikaufagia.

Naitwa Fadhiya. Ninakaa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofa ya juu ya nyumba ya bibi. Meza yangu iko dirishani, juu ya kichochoro chembamba hata jirani wa ng'ambo akikaanga bajia, mimi ndiye ninayekohoa. Hapo ndipo ninapoandikia kiini cha mfumo wa kompyuta, ule wa bure ambao watu wa nchi zote huuandika pamoja bila kuonana. Ndani yake kuna maelfu ya draiva, yaani vipande vya msimbo vinavyoiambia mashine namna ya kutumia viungo vyake. Mimi niliangukia draiva moja ndogo, ya masafa ya prosesa, yaani kasi ya ubongo wa mashine. Kazi yake ni kama ya mkono wa mpishi kwenye kitufe cha jiko la gesi: kazi ikizidi, huipandisha prosesa ikimbie, kazi ikipungua, huishusha ipumue, isije ikapata moto bure.

Draiva yenyewe ilifanya kazi vizuri. Tatizo lake lilikuwa sura. Katikati yake mlikuwa na kitanzi, msimbo unaozunguka na kurudia jambo lile lile, kikipitia sehemu za bodi ya kompyuta moja baada ya nyingine kutafuta orodha ya kasi zinazoruhusiwa. Mistari sitini na mitatu. Aliyekiandika, Mungu amrehemu kama amekufa na amwongoze kama yu hai, alikuwa akiokota kila sehemu kwa mkono, akiihesabu kwa mkono, akiitua kwa mkono. Kuokota huongeza hesabu ya wanaoitumia sehemu hiyo, kutua huipunguza. Nilipokiona nilihisi vile ninavyohisi nikiona viatu vimetupwa mlangoni shaghalabaghala. Nikaamua kukisafisha.

Aliyenifunza haya yote ni Mwalimu Nicodemus. Alikuwa fundi wa umeme wa reli kwa miaka mingi, baadaye akasimamia maabara chuoni, ambako ndiko alikonipata, binti aliyevaa buibui, anayeuliza maswali mengi. Sasa amestaafu, anakaa Buxton na mkewe, Mama Auma. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mjaribu wa draiva hii. Ana vibodi vitatu, kompyuta ndogo za ukubwa wa kiganja, kimoja kwa kila aina ambayo draiva inaihudumia. Mtu akituma kiraka, yaani badiliko la msimbo, Mwalimu hukiweka kwenye vibodi vyake, akaviendesha, kisha akaandika chini ya kiraka: Amejaribu, Nicodemus. Basi. Arnold, msimamizi wa draiva, mtu wa nchi ya baridi ambaye nimemjua kwa picha ndogo tu akiwa na kofia ya sufu, akiiona ile sahihi haulizi tena. Jina jema hung'ara gizani, na jina la Mwalimu Nicodemus lilikuwa linang'ara mpaka huko kwenye theluji.

Tena Mwalimu alikuwa ameshamwandikia Arnold kwamba macho yake yanachoka, na kwamba siku moja atapenda mimi nishike nafasi yake. Nilikuwa naitaka nafasi ile. Sitajifanya sikuitaka.

Jumanne nilituma toleo la kwanza la kiraka changu. Mwalimu akalijaribu, akaweka jina lake. Jumatano asubuhi Arnold akajibu: kazi nzuri, lakini siku hizi kuna njia mpya ya kupitia sehemu za bodi, njia inayotua yenyewe kila kilichookotwa, hata ukitoka katikati ya kitanzi. Mbona usiitumie? Aliongeza kwamba mlango wa kupokea viraka unafungwa Jumapili, na ukifungwa ni wiki kumi kungoja ufunguliwe tena.

Nilitumia nusu saa. Mistari sitini na mitatu ikawa kumi na tisa. Ilipendeza hata nikamwita bibi aje aone, akaja, akatazama, akasema, "Umeandika kidogo leo." Nikatuma toleo la pili huku nikinyonya kidole, maana nilikuwa nakula embe la pilipili. Na chini kabisa ya kiraka nikaacha ule mstari wa jana: Amejaribu, Nicodemus.

Sasa hapa nisimame niwaeleze, maana ndipo nilipoharibu. Jina la mjaribu ni la kile alichokijaribu, si zaidi. Ukibadilisha msimbo kwa kiasi cha maana, unaliondoa jina lake, unamrudia umuulize upya. Kila mtu wa kazi hii analijua hilo, nami nalijua kama ninavyojua kutawadha. Lakini Mwalimu alikuwa amesema Jumatano anakwenda hospitali kupima macho, sikutaka kumsumbua, na badiliko lenyewe lilikuwa zuri mno kuwa na kosa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Alhamisi asubuhi nikafungua barua nikiwa na kikombe cha kahawa ya tangawizi mkononi. Arnold alikuwa ameandika mbele ya orodha nzima ya barua pepe, watu mia kadhaa wanaosoma:

"Toleo la pili linaua bodi ya aina ya tatu. Haiwaki kabisa. Kiraka kinasema Nicodemus amekijaribu. Nicodemus, ulikijaribu kwenye bodi zipi?"

Kahawa ilipoa. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyemuuliza Mwalimu swali lile, na sasa anaulizwa hadharani, kwa sababu yangu. Nilimpigia simu mara nne. Haikupokewa hata moja. Nikajua amekasirika, na ana haki.

Nikaurudia msimbo. Niliusoma mstari kwa mstari, kwenda na kurudi, mistari kumi na tisa tu, na kila nilipoutazama uliniangalia kwa uso safi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Adhuhuri ikapita, sijala. Alasiri ikafika, nami bado nimekodoa macho, ndipo sauti ya bibi ikapanda ngazi.

"Fadhiya, we. Teremka, watu washafika."

"Bibi, nina kazi kidogo."

"Kazi hiyo yakimbia? Mie naiona imekaa papo hapo mezani tangu asubuhi."

Kwa bibi yangu, Mwanatumu, hakuna hoja inayoshinda ile. Ilikuwa khitma ya babu, mwaka wa saba tangu atutoke, na kila mwaka siku hiyo wanawake wa mtaa huja kumsomea Msahafu wote kikao kimoja. Sanduku la mbao lina juzuu thelathini, kila juzuu kitabu chake. Unachukua moja, unasoma, ukimaliza unairudisha. Wengine husoma mbili, wengine moja, na zote thelathini zikishasomwa, bibi huinua mikono akaomba dua. Ili asipotewe na hesabu, bibi huweka kokwa thelathini za tende katika bakuli. Kwa miaka yote, kila anayerudisha juzuu huitia mwenyewe sandukuni, kisha anahamisha kokwa moja kwenda bakuli la pili. Bakuli la kwanza likiwa tupu, dua.

Mwaka huu bibi alikuwa na wazo jipya, na wazo hilo lilikuwa mimi.

"Watu waipita kokwa wakaisahau," alisema akinikalisha mkekani kando ya sanduku. "Wewe uliyesoma hesabu, kaa hapa. Juzuu ipokee wewe, kokwa ihamishe wewe. Nimeshawaambia wote."

Nikakaa. Moyo wangu ulikuwa juu dirishani, na simu nimeificha chini ya leso, naichungulia kila dakika kama Mwalimu amejibu. Juzuu zikaanza kurudi. Napokea, natia sandukuni, nahamisha kokwa. Kazi yenyewe ilinituliza kidogo. Sauti za wanawake kumi na wanane wakisoma kila mmoja mahali pake hujaza chumba mpaka hata hofu inakosa nafasi ya kukaa.

Bakuli la kwanza likamalizika. Bibi akaliona, akakohoa, akainua mikono. Sote tukainua. Akaanza kwa kumhimidi Mola, na kutoka pembeni, karibu na kabati la vyombo, tukasikia sauti ya Bi Mbodze, jirani yetu asomaye taratibu na kwa usahihi kuliko wote:

"Ngojani kidogo. Mie n'ngali na yangu."

Mikono ikashuka. Bibi akatazama bakuli tupu, akamtazama Bi Mbodze aliyebakiwa na kurasa sita, akanitazama mimi. Kokwa zilikuwa thelathini kule. Tukahesabu juzuu sandukuni: ishirini na tisa.

"Nani amehamisha kokwa?" bibi aliuliza.

"Mimi peke yangu," nikasema.

"Na Mama Fuad," mtu wa mlangoni akasema. "Alipotoka. Nilimwona."

Mama Fuad alikuwa ameondoka mapema, maana ameacha chungu cha maharagwe ya nazi jikoni na mtu wa kukiangalia hana. Alipita kwangu mbio, akahamisha kokwa yake mwenyewe kama anavyofanya miaka yote, kisha akaniwekea juzuu mkononi. Nami, macho kwenye simu, nikahamisha nyingine. Wale waliokaa mpaka mwisho hawakuharibu kitu. Walishaisikia amri mpya. Ni yule aliyetoka katikati tu aliyefuata njia ya zamani, juu ya ile mpya. Juzuu moja, kokwa mbili. Hesabu ikasema tumemaliza, na Bi Mbodze bado anasoma.

Niliitoa bakulini kokwa ile ya ziada. Nikaitazama, na kichwani mwangu kitanzi changu kikasimama wima chote, mistari kumi na tisa, na mmoja ukaniangalia kwa aibu.

Njia mpya hutua yenyewe, hata ukitoka katikati. Na pale pa kutokea katikati mimi nilikuwa nimeuacha mstari wa zamani, wa kutua kwa mkono. Bodi ya kwanza na ya pili hupitia kitanzi mpaka mwisho, kwa hivyo hazifiki pale. Bodi ya tatu hupata inachotaka katikati, ikatoka. Inatua mara mbili kitu kimoja. Hesabu inafika sifuri, mfumo unaona hakuna anayekitumia tena, unakitupa, na aliyekuwa bado anakisoma anaangukia shimoni.

Nilicheka kwa sauti katikati ya khitma ya babu yangu. Wanawake wote wakageuka.

"Nini?" akasema bibi.

"Nimeona kosa langu, bibi."

"Nalo ni la kuchekewa?"

Lakini yeye mwenyewe alishaanza kutabasamu. Akawageukia wenzake akasema wazi, kila mtu akisikia, "Nisameheni. Kosa ni langu kwanza. Nimesema nimewaambia wote, kumbe Mama Fuad alichelewa kuja na sikumwambia. Bi Mbodze, soma, mama, twakungoja. Usikimbie." Bi Mbodze akarudi kwenye kurasa zake, hakukimbia hata kidogo, na alipomaliza nilipokea juzuu ya thelathini na dua ikasomwa kama inavyostahili.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Mstari mmoja niliufuta, na kiraka kilikuwa kimepona. Kabla ya Magharibi toleo la tatu lilikuwa tayari kwenda.

Hapo ndipo nikakaa tena, mkono juu ya kitufe, sikibonyezi.

Maana kiraka kilipona lakini jina la Mwalimu lilikuwa bado pale. Ningeweza kutuma toleo la tatu na maneno mawili, samahani, nimerekebisha, na watu wangepokea, wangesahau. Swali la Arnold lingezama chini ya barua nyingine. Hakuna ambaye angejua kwamba Mwalimu hakuwahi kuliona toleo la pili, ila yeye na mimi. Angebaki ni mzee aliyewahi kukosea mara moja, jambo la kawaida, macho yanachoka. Na mimi ningebaki binti mwenye mkono mzuri, mrithi wa nafasi.

Nilifikiri hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukubali. Kisha nikamkumbuka bibi amesema kosa ni langu mbele ya wanawake kumi na wanane, kwa wepesi, kama anayeomba chumvi. Nikaandika:

"Arnold, na wote mnaosoma. Niliacha mstari wa zamani pale pa kutokea katikati, ndiyo maana sehemu moja inatuliwa mara mbili. Toleo la tatu hili hapa. Jambo la pili: Nicodemus alijaribu toleo la kwanza tu. Jina lake chini ya toleo la pili nililiacha mimi bila kumuuliza. Yeye hana kosa. Naomba jina lake liondolewe. Fadhiya, Mombasa."

Nikabonyeza. Masikio yangu yalipata moto. Niliona haya mbele ya watu mia kadhaa ambao sitawajua maisha yangu yote, nikaona haya zaidi kwa mmoja aliye dakika kumi kutoka kwangu kwa tuktuk.

Asubuhi ya Ijumaa nikaenda Buxton. Bibi alinipa bakuli la kaimati lililofunikwa sahani. "Haendi mtu kuomba radhi mikono mitupu," alisema. "Na ukifika, omba kwanza, usianze kueleza hesabu zako."

Mama Auma ndiye aliyenifungulia.

"Karibu, Fadhiya. Mwalimu wako yuko, lakini tangu jana hapokei simu ya mtu. Hata ya kanisani."

Nikaingia na moyo umeshuka. Mwalimu Nicodemus alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miwani mipya puani, mikono magotini. Mbele ya televisheni alikuwa mjukuu wao, Sheryl, mtoto wa miaka mitano, anatazama katuni ya paka anayeendesha baiskeli.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Barua yako nimeisoma," akasema. "Ulinitia jina mahali ambapo sikuweko."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Jina langu, Fadhiya. Miaka kumi na mmoja."

"Najua. Nisamehe."

Paka wa katuni akagonga ukuta, Sheryl akacheka.

"Ningependa nikasirike sana," Mwalimu akasema mwishowe. "Nimekasirika. Lakini sina mahali pazuri pa kusimama nikasirike."

Sikumwelewa. Mama Auma, aliyekuwa ameshaanza kula kaimati ya kwanza akiwa wima, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwonyeshe," akamwambia mumewe. "Mwonyeshe, au nitamwonyesha mimi."

Mwalimu akainuka polepole. Akaenda kwenye televisheni, akainua kile kitambaa cheupe cha kufuma ambacho Mama Auma ametandika chini yake. Hapo chini, kijitaa cha kijani kikiwaka, palikuwa na bodi ya tatu.

"Sheryl alipokuja kukaa nasi," akasema bila kunitazama, "televisheni hii haikuweza katuni za mtandao. Nikaunganisha bodi. Ya siku moja tu."

"Miaka miwili sasa," akasema Mama Auma.

"Kila ukileta kiraka, najaribu ya kwanza, najaribu ya pili. Nasema, ya tatu nitaichomoa Sheryl akilala. Akilala, nami nimelala. Basi naandika nimejaribu." Akavua miwani, akaipangusa, ingawa haikuwa chafu. "Jana niliposoma, ulikijaribu kwenye bodi zipi, nikajua Arnold amenishika. Simu nikaiweka chini ya mto."

Majuto ni mjukuu, husema watu, lakini huyu wa Mwalimu alikuwa na jina na nywele zilizofungwa mafundo kama vitunguu, na alikuwa anaomba kaimati. Nilijitahidi nisicheke. Nilipomtazama Mama Auma nikashindwa, na Mwalimu akatutazama sisi wawili, kisha kicheko kikamtoka na yeye, kile chake cha puani, na ule uzito wote niliokuja nao kutoka Kuze ukanitoka begani.

Tukafanya kazi. Kwanza ilibidi kumwomba mwenye televisheni. Sheryl alitaka kaimati tano kwa kuchomolewa paka, tukakubaliana tatu, na mimi nikaahidi kumletea kompyuta yangu kuukuu iliyo kabatini, iwe ya katuni peke yake. Kisha Mwalimu akasema maneno ambayo amenifunza tangu siku ya kwanza: "Kabla hujaisifu dawa, uone ugonjwa kwa macho yako." Tukaweka toleo la pili kwenye bodi ya tatu. Taa ya kijani ikawaka, ikazima, kimya. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya kile kidude. Tukaweka toleo la tatu. Ikawaka, ikabaki inawaka. Tukaipa kazi nzito, kasi ikapanda. Tukaiacha, kasi ikashuka. Tukaizima na kuiwasha mara ishirini, na Sheryl akihesabu, akiruka kumi na saba kila mara. Baada ya hapo tukazitoa na zile mbili nyingine, tukazifanyia vile vile. Adhana ya Ijumaa ilitukuta ndiyo kwanza tunamaliza.

Mwalimu akavuta kompyuta yake, akaanza kuandika kwa vidole viwili. Nilisoma juu ya bega lake.

"Nimejaribu toleo la tatu, bodi zote tatu, mara ishirini kila moja. Jambo jingine. Kwa miaka miwili iliyopita, kila niliposema nimejaribu, nilijaribu bodi mbili. Ya tatu ilikuwa inaonyesha katuni. Someni majina yangu ya nyuma kwa hesabu hiyo."

"Mwalimu," nikasema, "hukuhitaji kusema haya. Lawama nimeshaibeba mimi."

"Umebeba yako," akasema. "Yangu ungeibebaje?"

Akaendelea kuandika, polepole, akitafuta herufi:

"Kuanzia leo bodi ya tatu iko kwa Fadhiya, Kuze. Mkitaka habari zake, mumuulize yeye."

Mama Auma alinifungia bodi ndani ya kile kitambaa cha kufuma isije ikakwaruzwa, na nilirudi nyumbani nimeipakata kwenye tuktuk kama kuku wa sadaka.

Jumamosi Arnold akakipokea kiraka, siku moja kabla ya mlango kufungwa. Aliandika sentensi mbili tu. Ya kwanza ilisema mistari kumi na minane, nzuri sana. Ya pili ilisema tumsalimie mwenye katuni.

Siku hizi bodi ya tatu iko mezani pangu, dirishani. Bibi ameizoea. Huipangusa vumbi kwa ncha ya leso na huiita mgeni. Mwaka ujao amesema kokwa atazihamisha mwenyewe, magoti yakitaka yasitake.

Na juzi kikaja kiraka kingine, cha mtu wa mbali, amesafisha kitanzi kingine cha draiva ile ile. Nilikisoma. Kilikuwa safi, kimenyooka, kinapendeza hata nikaona wivu kidogo. Wenzangu wawili walikuwa wameshakisifu. Kichochoroni jirani alikuwa anakaanga bajia, bibi ananiita chakula, na bodi ilikuwa imezimwa. Arnold akaandika mbele ya orodha nzima, kwa mara ya kwanza akilitaja jina langu pale alipozoea kutaja la Mwalimu:

"Fadhiya, umekijaribu?"

Nikamjibu kwa neno moja, bado, nikainama kuwasha bodi.